Jicho la Kulia

Novemba, mjini Łódź, baridi imeng'ata hata kufuli la banda.
Halszka amefagia theluji, nafasi ya mkeka mmoja,
akasimika darubini kati ya kabichi zilizosahauliwa
na kamba yenye shuka lililoganda kama ubao.
Taa ya jirani inawaka. Anagonga uzio kwa ufagio.
Taa inazimwa. Ndiyo salamu yao.

Miaka thelathini na mmoja alitia nguo rangi kiwandani.
Wekundu kumi na saba aliwajua kwa harufu,
na pipa likikorofisha aliitwa yeye kabla ya mkemia.
Basi usimwambie nyota ni nyeupe.
Nyeupe ni kitambaa kisichoulizwa swali.

Leo anaitafuta Almaki, mguuni pa Andromeda.
Kwa macho matupu ni nukta, haina habari.
Anazungusha kifundo, kidogo, kidogo, amepitiliza, arudi,
na nukta inapasuka kama ganda la kunde:
mbili!
Kubwa ni chungwa lililoiva upande wa jua.
Ndogo imejibanza ubavuni, kama inadaiwa.

Cezary karuka uzio, koti juu ya nguo za kulalia.
Anachungulia, pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo.
"Hii ndogo ni kijani."
"Kijani? Hiyo ningeirudisha pipani."

Kisha ananyamaza.
Mwezi wa tisa walimtoa mtoto wa jicho,
aliyemlea miaka kumi bila kujua. La kulia tu;
la kushoto lingali kwenye foleni ya hospitali.
Anainama na la kushoto: kweli,
majivu yenye ukijani, maji ya mwisho ya kusuuzia.
Anabadili.
Buluu.
Buluu ya pipa la nne, alfajiri, kabla mtu hajachovya kitu.

Kushoto, majivu. Kulia, buluu.
Nyota haijasogea hata unywele.

Na yale mapazia ya harusi ya Jagna, dada yake,
aliyoyapaka mwenyewe, akaapa ni samawati?
Jagna alisema yamefubaa kama maji ya vyombo.
Wamenuniana tangu hapo; mwaka wa nne huu.

"Ziko nyingine?" Cezary anauliza, akikanyaga-kanyaga kupasha miguu.
"Ipo ya Kasiopea. Tatu pamoja."
Lakini habanduki kwenye kioo.
Amelifunika la kushoto kwa kiganja,
na midomo yake inacheza, taratibu,
kama mtu anayeikumbuka namba ya simu.