Mjomba na Ami

Treni ya alfajiri kutoka Dandenong,
viatu vya kuazima, vinabana kidole gumba.
Nimewaaga kuku wa kiwandani:
leo sishiki kisu mimi.

Mlangoni mwa mahakama orodha imebandikwa.
Natafuta Nauroz. Sipati.
Bi Petridis ananionyesha kwa ncha ya kalamu:
"Huyu ndiye wewe. FQW18 dhidi ya Waziri."
Sheria imelificha jina langu nisidhurike,
ikalificha vyema hata nami nimelipita mara mbili.

Jaji ana mafua. Anaomba radhi kwa kikohozi, kisha:
"Ieleweke, sikuja kuamua kama unasema kweli.
Hilo halimo mikononi mwangu.
Nitatazama tu kama waliokukatalia walikiuka sheria."
Mkalimani ananinong'oneza, neno kwa neno.
Nami nawaza: mtu yumo kisimani,
na wewe unakagua fundo la kamba.

Basi fundo lenyewe ni hili.

Ami yangu Ewaz, mdogo wake baba,
walimshusha garini njia ya Ghazni.
Hawakumwuliza kitu. Uso wa Kihazara
hauhitaji kitambulisho.
Tuliletewa kofia.

Mjomba wangu Khadim, kaka yake mama,
yuko Quetta, anauza betri na kamba za viatu.
Miaka miwili baada ya ile kofia alinipigia simu:
"Usirudi. Wamekuulizia kwa jina."

Watu wawili, koo mbili,
hata kucheka kwao hakufanani.
Lakini Kiingereza ni nyumba yenye chumba kimoja:
ami na mjomba hulala kitanda kimoja,
wakajifunika neno moja.
Na mkalimani wa siku ile barazani,
sauti yake ikikatikakatika kwenye spika,
akawalaza, akazima taa.

Aya ya hamsini na tatu.
Nimeihifadhi kama mtoto ahifadhivyo juzuu ya kwanza:
*Mwombaji adai mjomba wake aliuawa.
Baadaye adai mjomba huyo alimpigia simu.
Baraza halimwamini.*

Nilipewa siku thelathini na tano kulalamika.
Nilifika ya thelathini na nne, karatasi imelowa jasho.
Halafu miaka mitano ya kungoja tarehe.
Zahra nilimwacha akitambaa;
sasa ananisahihisha tahajia kwenye ujumbe.

Wakili wa Waziri ni kijana mpole.
Alinishikia mlango asubuhi.
"Hata kama neno lilikosewa," asema,
"matokeo yangekuwa yaleyale."
Bi Petridis anainuka, miwani kichwani:
"Mheshimiwa, uamuzi huu wote umesimama
juu ya maiti aliyepiga simu.
Mwondoeni huyo maiti, tuone kinachobaki."

Jaji akapenga kamasi.
Akaandika kitu kifupi.
Dakika arobaini, tukatoka kwenye mvua.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba, zamu ya usiku,
nikalisoma chooni kwa glavu zenye manyoya:
uamuzi umetenguliwa,
shauri lirudi barazani, lisikilizwe upya.
Wenzangu wakanibeba juu juu kati ya ndoano.
Mmoja akalia, naye kesi yake haijaitwa.

Nikampigia Khadim.
"Viza iko wapi?"
"Hakuna viza, mjomba.
Nimepewa mlango uleule, nigonge tena."

Akanyamaza. Nikasikia pikipiki za Quetta,
mtu akiuliza bei ya betri, akijibiwa.
Kisha akarudi kwenye simu, sauti chini:
"Safari hii waambie taratibu, mwanangu.
Waambie mimi ni yule aliye hai."