Nimemuuza Mwachiro

Nimemuuza Mwachiro, usiku wa Jumanne,
Luku ikiwa imebakiza yuniti mbili.
Nimemtoa kwa shemeji Semhando wa Muheza,
nikapewa vijana watatu wa miaka kumi na tisa
na chaguo la kwanza la msimu ujao.
Kitufe kimoja. Wala hakikutoa mlio.

Mji huu una msemo wake: waja leo, waondoka leo.
Mwachiro alikaa misimu minane.
Goti lake lilikuwa namba, ndiyo,
sabini, sitini na nne, hamsini,
lakini mimi nililisikia likilia
kama mnyororo wa baiskeli uliokosa grisi
kutoka Barabara ya Ishirini mpaka mzani wa Pongwe,
ninakopima malori ya mawe ya chokaa
tangu saa moja asubuhi.

Ligi yetu ina timu kumi na mbili na haina uwanja.
Saa tatu usiku Kaniki, fundi redio wa Chuda,
huiamuru kompyuta icheze,
na watu wasio na jasho hukimbia mahali pasipo na sakafu.
Sisi huletewa tarakimu tu:
pointi, ribaundi, pasi, mipira iliyopotezwa.
Mipira iliyopotezwa! Watoto wangu ni matajiri wa hiyo.

Hoza ana mita mbili na sentimita kumi
na mikono ya mtu aliyebeba trei ya mayai.
Shelukindo hutupa kutoka mbali, mbali mno,
kana kwamba karibu na kikapu pamefungwa mbwa.
Wa tatu alikuja na jina nisiloweza kulitamka.
Nikamwita Mdoe. Akanyamaza, nikajua amekubali.

Tumefungwa kumi na saba mfululizo.
Wenzangu sasa wananiita Mama Chekechea.
Semhando amenitumia picha ya kombe nililolitwaa juzi juzi,
amelijaza uji.
Sikumjibu. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga;
hawakusema mkunjaji atachomwa na miba mingapi.

Binti yangu Rukaiya huchungulia begani:
"Mama, hawa watu si hawapo?"
Hawapo. Namwambia kweli, hawapo.
Kisha narudi kumpunguzia Hoza dakika
kwa sababu jana alicheza amechoka.

Jumamosi tukakutana na Muheza.
Mwachiro, miaka thelathini na tano, goti arobaini,
alitufunga pointi thelathini na moja.
Nilisoma mstari wake mara ya kwanza kwa hasira,
mara ya pili kwa kidole,
mara ya tatu nikajikuta nimesimama jikoni
napiga kofi moja, dogo, mtoto asiamke.

Mwisho wa msimu atastaafu. Kompyuta haina sherehe:
jina hutoka orodhani, walio chini hupanda mstari mmoja.
Basi nimemwandika kwenye daftari la mzani,
ukurasa wa nyuma, misimu yote minane.
Mkaguzi akiuliza nitasema
ni mzigo uliopita.

Jana tulifungwa tena. Kwa pointi moja.
Sekunde nne zimesalia, Mdoe angeweza kutupa,
akampa Hoza. Hoza akakosa.
Lakini alimpa! Nani alimfundisha kutoa?
Pasi yake ilikuwa arobaini na moja nilipomchukua;
asubuhi hii, kabla sijawasha jiko,
naona arobaini na tatu.

Mbili tu.
Nimenunua yuniti za Luku za wiki nzima.
Mazoezi, wote: pasi.
Hoza peke yake: chini ya kikapu,
bila mlinzi, mara mia tano.