Kizingiti

Daftari langu lina safu tatu: saa, kina, idadi.
Usiku wa kwanza, chini ya idadi, niliandika sifuri
nikaizungushia tena na tena
mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Hapa ndipo mto Kizinga unapobanwa.
Ukuta wa zege, mita moja na robo,
kimo cha mtoto wa darasa la pili akisimama wima.
Juu yake maji tunayokunywa,
chini yake maji yanayojua chumvi,
na ute wa kijani, na chupa za plastiki
zinazozunguka pale pale kama zimesahau kitu.

Wao huja na bamvua, mwezi ukiwa haupo.
Urefu wa kidole cha mwisho, wembamba wa uzi wa kushonea viatu,
wang'avu hivi kwamba ukimlaza mmoja juu ya daftari
unasoma tarehe kupitia tumbo lake.
Macho tu ndiyo meusi. Nukta mbili zinazoogelea.
Wamezaliwa mashariki ya Bukini, kwenye kina
ambacho kamba yetu haijafika;
hakuna mkunga aliyewahi kumwona mkunga akizaliwa.

Mama ni mkunga. Miaka ishirini na sita, wodi ya wazazi, Temeke.
Nilipomwambia ninachokwenda kusomea
alicheka mpaka akashika ukuta.
"Basi umerithi kazi," akasema,
"ila wako hawalii."

Kweli hawalii. Nawatuliza kwa tone la mafuta ya karafuu,
nawapima, nawarudisha majini.
Alfajiri vidole vyangu vinanukia pilau, na bado sijala.

Injinia Mwaisumo alikuja na buti safi.
"Binti, ndoo zimepanga foleni Mbagala tangu jana,
nawe wataka maji ya samaki?"
Sikuwa na jibu. Ndoo yangu mwenyewe
ilikuwa kwenye foleni hiyo.
Nikaomba upana wa kiganja tu,
maji ya bomba lililosahauliwa usiku.
Alitazama ukuta, akatazama buti zake.
"Kiganja cha nani?"
Nikanyoosha changu.

Kondo, mlinzi wa pampu, ndiye aliyenishikia tochi
nilipolaza usumba kutoka maji hadi maji,
nikaufunga kwa waya, nikaulowesha.
"Watapanda hivyo? Bila miguu?"
"Sijui."
"Na wakifika juu?"
"Wataendelea. Pugu huko, kwenye matope ya chemchemi.
Miaka kumi, au zaidi, mpaka wanenepe kama mkono wako.
Kisha watashuka kurudi baharini."
Alinyamaza. Akageuka, akaielekeza tochi nyuma yetu.
"Kwa kupitia pampu?"
Hilo nalo nimeliandika, kwenye jalada la nyuma.
Safu yake sijaipata.

Bamvua la tatu. Saa nane na dakika kumi.
Kitu kinameta kwenye nyuzi,
kinapanda kama jasho linalorudi shingoni.
Kinasimama. Kinateleza shubiri nzima. Kinalala.
Kondo amezuia pumzi, mwanga unatetemeka,
namwambia apumue, mimi mwenyewe sipumui.
Halafu kinajikunja, kinaushika ukingo,
na maji ya juu yanakichukua
bila hata mlio.

Nyuma yake, wengine.

Mama alikuwa anavua viatu vya zamu nilipoingia.
Hakuuliza habari ya kazi. Aliuliza, "Wangapi?"
kama wanavyoulizana wakipokezana wodi.
"Arobaini na mmoja wamepita. Mmoja kakauka njiani."
"Mwandike naye," akasema. "Huyo ndiye wa kuandikwa kwanza."
Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, polepole.
Kisha akauliza godoro la usumba,
lile la chumba cha uani,
limekwenda wapi.