Pima ya Kombo

Bildi yao ya shaba ilinaswa na matumbawe siku ya kwanza,
nje kidogo ya Ulenge, ikabaki huko huko.
Ndipo Luteni Venke alipouliza, bila kunitazama,
nani hapa Tanga ana kamba ya kupimia.

Nilikuwa nayo. Ya katani, nyeusi kwa lami,
kila pima fundo, kila pima tano kitambaa chekundu.
Mafundo aliyafunga kaka yangu, marehemu Kombo,
enzi akiongoza matishari,
kabla mataruma ya chuma hayajamponda
baina ya ubavu wa meli na ubao wa tishari,
na kampuni ikatupa rupia kumi na mbili
na gunia la mchele lililolowa chumvi.

Siku tisa tulipima.
Mimi omoni, natupa, naita:
*Pima sita, tope!*
*Pima sita na nusu, tope!*
*Pima tano, mchanga na makombe!*
Yeye nyuma, mwavuli begani,
anageuza pima kuwa mita
kwa kalamu yenye ncha kama sindano.

Maswali yake hayakuwa ya bandari ninayoijua.
Hakuuliza robota ngapi za mkonge hushuka kutoka Muheza,
wala kwa nini wachukuzi hukohoa weupe.
Aliuliza: mzinga ukikaa Ras Kasone, utaona hadi wapi?
Makaa ya mawe yakilundikwa, yatafichwa na nini?
Manowari tatu zikiingia usiku, taa zimezimwa,
zitapata pa kugeukia?
Visima vya Chumbageni vitanywesha mabaharia mia sita?

Hilo nilimwambia awaulize wanaoteka.
Bi Mwanjaa akatua ndoo,
akamtazama buti, kisha uso:
“Mwaka huu, au mwaka wa njaa?”
Luteni akaandika nukta. Nukta tu.

Siku ya sita, kwenye mlango wa ghuba,
naivuta kamba, naihesabu kwa mikono kama mchezo,
fundo likanikwepa.
Nikarudia. Likanikwepa tena.

Kombo alikuwa mrefu.
Mlango wa kwetu aliuingia kwa kuinama
na kuutoka kwa kuinama.
Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, ndiyo,
lakini mikono ya nani?
Yake ilizidi ya watu kwa shibiri nzima.
Basi pale nilipoita sita, palikuwa karibu na saba.
Siku zote sita nimeitangaza bahari
kwa kina kisicho chake.

Ningesema. Mdomo ulikwisha funguka.
Ila macho yangu yalikuwa pwani,
pale Luteni alipochomeka vijiti vyenye bendera,
na kijiti kimoja kilikuwa uani kwa Bi Mwanjaa,
kati ya jiwe la kusagia na kuku.
Nikaita:
*Pima tano, mwamba!*

Alinisomea hukumu kwa Kiswahili chake cha shule,
taratibu, kama anayetoa rambirambi:
kwa biashara, inatosha;
kwa manowari, mlango mwembamba, kina haba,
haifai.
Akanipa rupia tisa. Nilizipokea kwa mikono miwili.

Msiniite shujaa.
Miaka mitano haikuisha, vita vikaja,
havikusoma ripoti, havikuuliza kina,
na ua ule wa Bi Mwanjaa uling’olewa na risasi
zisizojua kwamba bandari yetu haifai.
Kesho yake matishari yalikuwa yanasubiri mzigo.

Kamba ninayo bado. Mke wangu huanikia kanga,
huniambia niikate, ndefu mno kwa ua wetu.
Jana, nguo zilipokauka, nilishika fundo moja mkono wa kushoto
nikanyoosha wa kulia kadiri ulivyokubali,
kifua kikalia.
Haufiki.
Imebaki nafasi ya kiganja, na vidole vyake.