Alikunywa Maji Yetu

Nachaji simu Kibaigwa, nyuma ya soko la mahindi,
mia tatu kwa simu, mia tano ikiwa betri imevimba.
Siku ile zilikuwa arobaini na moja,
zimelala juu ya ubao kama vifaranga chini ya taa,
kila moja na kikaratasi chake:
Sakalani. Mama Yaredi. Chedego wa punda.

Saa saba vumbi lilitangulia kufika.
Kisha gari. Kisha spika. Kisha yeye,
Rasharasha mwenyewe, meno mawili ya dhahabu,
kijana tunayemjua kwa kidole gumba,
tunayempandisha na kumshusha
kwenye vioo vyetu vilivyopasuka.
Mgombea alisimama pembeni
kama mtu aliyealikwa kwenye harusi yake mwenyewe.

"Kibaiga mpooo?"
Tukaitika. Jina limeng'olewa herufi, na bado tukaitika.

Akaomba maji. Ya hapahapa, akasema,
mimi mtoto wa nyumbani, chupa za nini?
Ikaletwa kata.
Nyuma ya gari nikamwona dada mwenye miwani
akifungua chupa, akimimina taratibu,
kama anayempimia mgonjwa dawa.
Kata nzima ikajaa kwa chupa moja.
Akanywa. Koo likapanda, likashuka.
"Matamu!"

Maji yetu yana chumvi.
Chai inajua. Sufuria inajua.
Sabuni inajua, ndiyo maana haitoi povu.
Na ile pampu tuliyoahidiwa kampeni iliyopita
wameota kuku ndani yake, sijui nisemeje,
wametaga.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake.
Nikapiga vigelegele.
Nikajipenyeza, nikapiga naye picha bega kwa bega,
na marashi yake yakakaa kwenye khanga yangu
hadi Jumapili, kanisani.

Jioni ubao ukaanza kutetemeka.
Simu arobaini na moja, klipu moja:
kata, koo, matamu.
Kata, koo, matamu.
Chini yake mioyo myekundu inabubujika
kutoka Mwanza, kutoka Mtwara, kutoka kwa watu
wasioweza kuijua Kibaigwa hata wakiamshwa ndani yake.

Chedego alishinda Pandambili, hakuona lolote.
Akaja kuchukua simu yake, akanisimulia mimi,
mimi wa hatua tatu:
"Umeona? Hana majivuno yule. Kanywa maji yetu.
Mtu wake ndiye mtu wangu."

Nikafungua mdomo.
Picha yangu ilikuwa imependwa na watu mia tisa,
na mwingine akaongezeka nikiwa natazama.
Nikasema: "Mia tatu, Chedego."

Siku ya kura nilifika kabla ya jua.
Karatasi ya kura haina spika.
Nyuso tatu tu, kavu, kama za vitambulisho.
Nikamtafuta Rasharasha. Wallahi nilimtafuta,
mimi Mwanglikana mzima nikaapa kwa Wallahi,
jicho likashuka hadi chini ya karatasi
kabla akili haijalishika mkono.
Na mguu, pale chini ya meza ya maboksi,
ulikuwa unapiga kiitikio chake.

Sisemi vema niliiweka wapi.
Hilo ni langu na kalamu iliyofungwa kamba.
Nasema tu kwamba wino ulikaa kidoleni siku nyingi,
na kila jioni, nikishafunga kibanda,
nilikisugua, nikakisugua,
sabuni ikakataa kutoa povu.