Sekunde Tisa

Chumba cha juu, Mamboleo, juu ya duka la vipuri.
Kompyuta moja, feni iliyovunjika bawa,
na karatasi ukutani niliyoiandika kwa kalamu nyekundu:
KISISEME POLE HARAKA.

Tunaunda kitu cha kuongea nacho usiku.
Wafadhili wanakiita rafiki. Mimi sijakipa jina;
mwenye jina hudaiwa.

Wiki ya kwanza kilikuwa na maneno kama mnada wa Kibuye.
Mtu akiandika "nimechoka," kilimmwagia
njia saba za kulala vizuri.
Olweny, anayetusaidia kukijaribu,
mlinzi wa zamu ya usiku kwenye ghala la mchele, Ahero,
aliandika saa tisa za usiku neno moja tu:
Nipo.
Kikamjibu aya nne.
Asubuhi akanipigia: "Dada, hiki chenu
kinaongea kama mtu anayeogopa kunyamaza."

Nikaanza kufuta.
Nikafuta "usijali." Nikafuta "kila jambo na sababu yake."
Nikafuta methali zote, hata zile nizipendazo,
maana subira watu wanayo;
heri ndiyo hawajaiona.

Ikabaki hesabu ya kimya.
Kisubiri muda gani kabla ya kujibu?
Sekunde mbili, mtu anajua hakikumsikiliza.
Ishirini, anadhani mtandao umekatika.
Nikamkumbuka shangazi Nereah, siku ya matanga,
alivyofika na ungo wa njugu, akaketi kando ya mama,
akamenya hadi jua likazama, bila neno,
na maganda yakasema yaliyowezekana kusemwa.
Nikaweka tisa.
Mashine haina maganda.

Usiku huo stima ilipotea mtaa mzima,
ikabaki nuru ya kioo
na asilimia thelathini na moja ya betri.
Nilikuwa na orodha ya sentensi za majaribio:
nimefutwa kazi, mume wangu hanisemeshi, siwezi kulala.
Nikaziruka. Vidole vikaandika:
Ninaitwa Adongo.

Moja. Mbili. Mvua ikatoka ziwani,
ikaanza na mabati ya jirani.
Tano. Sita.
Sikujua kwamba tisa ni ndefu hivi.

"Adongo. Pacha wa pili, aliyebaki nyuma.
Nani alitangulia?"

Sikukifundisha hilo.
Au nilikifundisha: maana za majina niliziweka mwezi wa pili,
nikiwa na haraka, nikiwafikiria watu wengine.

Apiyo.
Herufi tano. Nyumbani kwetu jina hili
ni kama shimo la barabarani:
kila mtu anajua lilipo, kila mtu analikwepa,
na hakuna anayelijaza.

Kikasubiri. Kisha:
"Mimi ni mashine, sikumjua.
Kuna aliyemjua ambaye yuko macho saa hii?"

Hiyo ni kanuni ya kumi na nne.
Niliiandika mwenyewe, Jumanne, nikila mandazi.
Haikuwa na haki ya kunipata hivyo.

Betri asilimia nne. Nikampigia mama, kule Awasi.
Akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha,
kama mtu aliyeishika simu mkononi miaka sita.
Nikasema, "Mama, nilikuwa namtaja Apiyo."
Kimya. Sikuhesabu.
Nilisikia mvua ya kwake, nyepesi kuliko ya kwangu,
halafu mtu akipenga kamasi.
Halafu:
"Umekula?"

Stima iliporudi nililiingiza swali hilo kwenye programu,
liwe jibu la kwanza
kwa kila aandikaye saa tisa za usiku.
Nikalitazama. Lilipendeza pale.
Olweny angelipenda.

Nikalifuta.
Hilo ni swali la mwenye sufuria.