Jino Moja

Saa kumi na moja alfajiri, mikate mia tatu nyuma,
bado ya moto, mvuke umefunika vioo,
Hayesi ikafika ile kona ya Kadutu
ambapo barabara husimama wima kama ngazi
na dereva husali bila kufumba macho.
Nikabadili gia.
Ndani ya injini kitu kikapiga kofi,
kisha mlio wa misumari ikimwagwa kwenye karai,
halafu kimya,
kimya chenye uzito, kikaanza kuturudisha chini.

Watoto waliokuwa wakiteka maji ndio waliotuokoa:
mawe mawili nyuma ya matairi
kabla sijapata hata pumzi ya kupiga kelele.
Nikawalipa kwa mikate.
Mingine ikapanda mlima
juu ya vichwa vya wanawake nisiowajua.

Siku tatu kabla, Birindwa alinibadilishia mkanda wa taimingi.
Birindwa wa kwaya yetu, safu ya nyuma, sauti ya tatu.
Alifungua saa nne, akafunga saa tano,
akafuta mikono kwenye suruali:
"Washa, Mama Asifiwe."
Ikawaka.
Mimi nani hata nibishane na injini iliyowaka?
Dola arobaini. Wengine walitaka tisini.
Na niseme yote, maana hapa hakuna anayenisikia:
yeye alianzia sitini.
Ni mimi niliyemkata, nikicheka, nikimwita ndugu.
Rahisi huvunja upishi. Nauza mikate, nalijua hilo.

Nsimire ana ua wa udongo nyuma ya Nyawera,
hakuna kibao, hakuna redio.
Nilimuuliza, "Imekufa nini?"
Akanijibu neno ambalo fundi hajawahi kuniambia:
"Sijui. Ngoja nifungue."

Akafungua. Akanishikisha tochi mimi mwenyewe.
"Alama hii ilipaswa kutazamana na hii.
Umekosewa jino moja.
Na nati ya kikazio ilikazwa kwa vidole.
Tambarare ungetembea, ungetembea.
Lakini Bukavu tambarare iko wapi?
Mzigo, mlima, mkanda ukaruka meno mengine.
Pistoni ikapanda, valvu bado imesimama mlangoni."
Sita kati ya nane zilikuwa zimepinda shingo
kama watu waliopokea habari mbaya kwa pamoja.

Bei aliyotaja ilinikalisha juu ya tairi.
Hakuipamba. Hakuniita dada.
Aliiandika kwenye karatasi ya unga, kifaa kwa kifaa,
akaacha mstari mmoja mtupu: "Huu bado sijauona."

Majuma mawili niligawa mikate kwa toroli.
Siku ya kufunga mkanda nikaenda kutazama.
Alitoa mfukoni chupa ya rangi ya kucha, nyekundu,
akatia nukta kwenye puli, nukta kwenye mkanda,
na kwa kuwa brashi ilikuwa imebaki na tone,
akalipaka kwenye ukucha wa kidole gumba.
Kisha spana. Akazungusha injini kwa mkono,
taratibu, mzunguko mzima, na mwingine,
sikio karibu na chuma,
kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala.
Nukta zikarudi kutazamana.
Ndipo akaniomba ufunguo.
Vyuma vya zamani alinirudishia mfukoni mwa unga:
"Ni vyako. Hata vilivyoharibika."

Jumatatu sikumdai Birindwa.
Jumanne nikamdai.
Akasema mlima, akasema dizeli ya siku hizi,
akasema atapita.

Jumapili, wimbo wa matoleo.
Nyuma yangu nikamsikia akivuta pumzi
na kuingia mahali pake hasa,
hakukosa hata nusu ya pigo.
Mkobani valvu moja ilikuwa baridi chini ya vidole vyangu.
Ilipofika zamu yetu ya kuitikia,
nilichelewa mimi,
kwa jino moja.